Buibui jeusi na abaya ya damu ya mzee: niliyoyaona katika duka moja la Mji Mkongwe

Nimevaa buibui jeusi tangu nilipoingia sekondari, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kutafuta rangi nyingine ya kutokea nje, mpaka mwaka huu mtoto wa dada yangu alipoposwa na watu wa nyumbani wakakubaliana kwamba siku ya nikaha wanawake wa upande wetu washone sare ya abaya za rangi ya damu ya mzee. Kwa kuwa buibui langu la zamani nalo lilikuwa limepauka mabegani na kuchanika pindo, niliagiza nguo mbili kwa pamoja, katika duka moja, kwa fundi mmoja: buibui jeusi la kwendea kazini na abaya ya sare. Hivyo nikapata nafasi ambayo mnunuzi haipati mara nyingi, ya kuona jinsi duka linavyoishughulikia nyeusi na jinsi linavyozishughulikia rangi, fundi akiwa yule yule na vipimo vile vile. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko juu yake, na kwa sababu kasoro niliyoikuta humo nimeiona pia katika nguo za jamaa zangu walioshonesha kwingine.

Duka lenyewe limo katika kichochoro cha nyuma ya Darajani, na ukiingia huna haja ya kuuliza lipi liko wapi. Ukuta wa kulia ni weusi mtupu, kuanzia dari hadi sakafu. Ukuta wa kushoto ni rangi: zaituni, udongo, majivu, zambarau, samawati, maji ya kunde, na hiyo damu ya mzee, ambayo ni wekundu uliokolea hadi ukakaribia kuingia weusini. Nilifurahi kumsikia mwenye duka, mama wa makamo aliyeketi karibu na redio, akizitaja rangi zote hizo kwa majina yetu, wakati lebo za vitambaa zilikuwa na majina ya kigeni ambayo hata msaidizi wake alikuwa akiyasoma kwa kubahatisha. Kabla hajaandika oda yangu aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, “Samahani, mwanangu, humo katika eda?” Nilipomjibu kuwa simo, na kwamba nguo ni ya harusi, ndipo alipoufungua ukurasa. Swali hilo huwauliza wanawake wote wa umri wangu wanaoagiza rangi, na kwangu mimi lilikuwa ushahidi wa mwanzo kwamba aliyekaa pale anaijua kazi yake.

Kupima ndiko kulikonifanya nilipende duka hili. Mwanamke hupimwa na mwanamke, nyuma ya pazia, na fundi wetu hakuanza na tepu bali na maswali. Alitaka nivae viatu ambavyo nitavivaa na nguo ile, akisema kuwa buibui lililopimwa na mtu akiwa peku ama litaburura ama litaonyesha miguu. Kisha akaniambia ninyanyue mkono kama niliyeshika bomba la daladala. Mkono wa nguo ya kujaribia ukateleza hadi karibu na kiwiko, naye bila kusema neno akaandika kwamba uongezwe mkono wa ndani wenye mpira kifundoni. Akanitaka niiname kama anayerukuu, nikae, nisimame, nipande hatua mbili za ngazi ya kuelekea dari ya pili. Nimeshoneshea nguo sehemu nyingi, lakini sijapata fundi aliyekumbuka kwamba stara ya mtu aliyesimama wima mbele ya kioo si stara ya mtu anayeteremka kwenye daladala na mtoto begani.

Buibui jeusi lilikuwa tayari kwa siku sita, kwa shilingi 85,000, na sina la kulilaumu. Kitambaa chake ni nida, poliesta yenye uso uliofifia usiong'aa, nzito kiasi cha kuanguka moja kwa moja bila ya kuunata mwili. Nimelivaa wiki sita na kulifua mara nane. Siku ya kwanza nililowesha leso nyeupe nikasugua kwa nguvu upande wa ndani wa pindo, na leso ikabaki nyeupe. Wale waliowahi kufua buibui la bei nafuu wakaona maji ya beseni yakigeuka wino, na mtandio mweupe uliokuwa humo ukitoka na mabaka, watajua kwa nini nilianza na jaribio hilo. Kingo za ndani zimefungwa vizuri, na pindo lina upana wa vidole viwili na limepindwa kwa sindano ya mkono, hivi kwamba ukiliangalia kwa nje huoni mshono. Mapambo ni almaria nyembamba nyeusi juu ya nyeusi kwenye ncha za mikono tu, na nadhani fundi alifanya vyema kuishia hapo.

Lawama yangu moja kuhusu buibui hilo haihusu ushoni. Nilisema wazi kwamba lisifukizwe, kwa kuwa nalivaa kazini na barabarani, na manukato ya mwanamke anapotoka nje ni jambo ambalo mashekhe wengi wamelikataza. Nililikuta limekunjwa vizuri ndani ya mfuko, nalo linanuka udi kiasi kwamba konda wa daladala aliniuliza harusi iko wapi. Msaidizi alinieleza kwamba chetezo huwaka kila Alhamisi na nguo zote zilizo tayari hupata fungu lake. Huo ni ukarimu, na kwa mteja mwingine ungekuwa sababu ya kurudi, ila oda iliyoandikwa inapaswa kusomwa.

Sasa nije kwenye rangi. Nida ya damu ya mzee haikuwapo, basi nikachaguliwa krepu, kitambaa chenye uso wa vikunjo vidogo vidogo, na bei ikawa shilingi 95,000, elfu kumi zaidi ya nyeusi, kwa maelezo kwamba rangi huletwa kidogo kidogo na jora lake ni ghali. Nilipoipokea siku mbili kabla ya nikaha ilikuwa nzuri kutazama: pana, ndefu sawasawa, mikono ile ile yenye mpira wa ndani, ushungi wa shifoni wa rangi moja nayo. Nyumbani nikaipeleka dirishani, nikaingiza mkono ndani na kukitandaza kitambaa. Vidole vyangu vilionekana vyote vitano, na pete iliyoko kidole cha kati ilionekana hadi jiwe lake. Sikuwa na muda wa kurudi dukani, nikavaa kanzu nzito ndani na kwenda hivyo hivyo, nikidhani inatosha. Niliposimama mlangoni mwa ukumbi kuwapokea wageni, jua la saa kumi likiwa nyuma yangu, dada yangu aliyekuwa ameketi ndani alikuja mbio akanivuta pembeni, kwa sababu kuanzia gotini kwenda chini, kanzu ilikokomea, miguu yangu ilikuwa kivuli kamili ndani ya kitambaa.

Baada ya harusi nilirudi, nikaomba nioneshwe krepu nyeusi ya uzito ule ule, ambayo duka linauza kwenye ukuta wa kulia. Niliingiza mkono kama nilivyofanya nyumbani, nikaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Sikuona kidole wala pete. Kitambaa ni kile kile, uzi ule ule, unene ule ule. Tofauti ni kwamba weusi hulifuta umbo lililo nyuma yake na wekundu hulichora. Hapo ndipo kasoro ya duka hili ilipo, na ya maduka mengi ambayo yamejifunza kazi kwenye nyeusi. Nyeusi humsamehe fundi. Humfichia mshono uliopinda, humfichia uzi usiolingana, humfichia jasho la makwapa la mwezi wa Februari, na juu ya yote humfichia wepesi wa kitambaa. Fundi aliyeshona nyeusi miaka ishirini hahitaji kuikumbuka bitana, maana nyeusi ni bitana ya nafsi yake. Akipewa zaituni au samawati hushona vile vile alivyozoea, kwa mikono ile ile hodari, na nguo hutoka ikiwa pana, ndefu, na inaonyesha. Nikiikagua abaya yangu kwa makini niliona pia kwamba mshono wa ubavu ulishonwa kwa uzi wa wekundu mwingine, uliochangamka zaidi, na kwa umbali wa mkono mmoja ulionekana kama mstari wa kalamu.

Mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namshukuru, kwa kuwa sehemu nyingine ningeambiwa kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa haina mazungumzo. Lakini jibu lake la kwanza lilikuwa, “Aliyetaka rangi ndiye aliyetaka bitana,” na bitana hiyo akaitajia shilingi 18,000 juu ya bei niliyokwisha kulipa. Nilimwambia kwamba mimi sikununua rangi, nilinunua stara yenye rangi, na kwamba kama abaya ya elfu kumi zaidi haisitiri bila ya nyongeza, basi bei iliyobandikwa ukutani ni ya nusu nguo. Tulikubaliana kuigawa gharama katikati. Siku kumi baadaye niliipata ikiwa na bitana nyepesi ya pamba hadi chini, mshono wa ubavu umefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi unaofanana, na sasa ni nguo ninayoweza kuisifu bila ya kuongeza neno lakini.

Katika mabishano yetu yale alitamka jambo ambalo nimelisikia maisha yangu yote na ambalo, kwa heshima, sikubaliani nalo: “Rangi ni biashara, mwanangu. Nyeusi ndiyo asili.” Nalitaja kwa sababu linaeleza kwa nini nyeusi yake imeshonwa kwa moyo wote na rangi yake imeshonwa kwa mkono wa kushoto. Karibu na mlango wake hutundikwa buibui la kamba, lile la zamani lisilo na mikono, lililoshonwa kama mfuko mpana, likavutwa kichwani na kufungwa kwa kamba, na ukaya mwepesi wa kushushia usoni. Analishona kwa oda ya shilingi 150,000, hasa kwa mabibi harusi wanaotaka kupiga picha na kwa skuli zinazofanya maonyesho, na amelishona vizuri kuliko lolote nililoliona madukani. Nililishika, mkunjo wa kichwani ulikuwa sawa kabisa na wa lile la bibi yangu lililomo kashani kwetu. Ila nilimsikia msaidizi wake akimweleza mteja mgeni kwamba hivi ndivyo wanawake wa Unguja walivyovaa tangu enzi na enzi, na hilo si kweli.

Buibui lilienea Unguja kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, likihusishwa na Hadhramaut, kusini mwa Arabuni, nchi ya akina Shihiri. Kabla ya hapo, vazi lilisema mtu ni nani. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa cha rangi iliyokoza. Huko Lamu na Mombasa mwanamke wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa iliyobebwa na watumishi, akawa hema linalotembea. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakafuatia mwaka 1909, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki walizikimbilia kanga za rangi, ambazo zilikuwa zimekwisha kuingia pwani katika miongo iliyotangulia, na baadaye wakalivaa buibui kama alivyolivaa binti wa bwana wao wa zamani. Kwa hiyo weusi ule, pamoja na kusitiri mwili, ulisitiri pia asili ya mtu, na nadhani hiyo ni heshima kubwa zaidi kuliko kuuita wa enzi na enzi. Na chini ya buibui lile rangi haikuondoka. Bibi yangu alikuwa akilivaa juu ya doti ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na alipovuka dimbwi la masika akilinyanyua kidogo, pindo la kisutu lilichungulia. Hata sasa, msiba ukitokea usiku katika mtaa wetu, wanawake hutoka na kanga, moja kiunoni na moja kichwani, zenye rangi zote za soko, na hakuna anayewaambia kuwa hawakujisitiri.

Katika dini yenyewe, aya zinazorejewa zaidi, ya 31 ya Suratun Nur na ya 59 ya Suratul Ahzab, zinataja shungi na jilbabu, na hazitaji rangi. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mwanamke aliyefika kwa Bibi Aisha akiwa amevaa shungi la kijani, na humo humo imo habari ya Ummu Khalid, aliyekuwa bado msichana mdogo, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimvika kwa mikono yake vazi jeusi lenye nakshi. Kijani na nyeusi vyote vimo. Mahali ambapo nguo iliyotiwa rangi imewekewa mpaka waziwazi ni eda ya mwanamke aliyefiwa na mume, kwa miezi minne na siku kumi, na hilo mwenye duka wetu alilijua na kuliuliza kabla sijakaa. Masharti mengine ambayo mafundi wangepaswa kuyabandika juu ya cherehani ni yale ya nguo kuwa pana, kutokuonyesha, kutobana, na kutokuwa yenyewe pambo la kuvutia macho. Mimi ningemlaumu mtu kwa shanga zinazomeremeta juu ya nyeusi kabla ya kumlaumu kwa maji ya kunde yaliyotulia, na ukuta wa kulia wa duka hili una shanga za kutosha.

Hata huko ambako wengi wetu tunakutazama kama chanzo cha nyeusi mambo si ya namna moja. Mwezi wa Machi 2018 mrithi wa ufalme wa Saudia, Mohammed bin Salman, alisema katika mahojiano ya televisheni ya Marekani kwamba sheria haiainishi abaya nyeusi, mradi mavazi yawe ya heshima. Na hatuna haja ya kufika Jeddah: katika mitaa yetu hii hii wanawake wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya India, hupita na mavazi yao ya stara, rida, za waridi, kijani kibichi na samawati, zenye lesi pembeni, na wanatambulikana kwa stara yao kama sisi kwa yetu. Rida nilizoziona zina kitambaa kinachojitosheleza kwa unene. Nadhani mafundi wao wamejifunza rangi kwa sababu hawana nyeusi ya kujifichia.

Swali nililoulizwa zaidi tangu nianze kuvaa ile ya damu ya mzee ni la joto. Mwaka 1980 watafiti waliopima majoho ya Mabedui katika jangwa la Negev walichapisha kwamba joho jeusi hunyonya joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto la ziada halifiki kwenye ngozi, kwa sababu hewa inayopita kati ya nguo pana na mwili hulichukua. Unguja si jangwa, na unyevunyevu wetu una sheria zake, ila kwa wiki nilizozivaa nguo hizi mbili kwa kupokezana nimeona kwamba kinachoniamulia joto ni upana na hewa. Nida yangu nyeusi iliyo pana hunipoza njiani kuliko abaya ya rangi iliyotiwa bitana, na anayehama nyeusi akitarajia ubaridi huenda asiupate.

Kwa hiyo anayetaka buibui jeusi la kuvaa kila siku aende kwa fundi wa namna hii bila ya wasiwasi, alipe hiyo 85,000, na aandike neno “lisifukizwe” kwa herufi kubwa, kama hataki udi. Anayetaka rangi aende na muda mkononi, wiki tatu si siku kumi, aombe kuingiza mkono ndani ya kitambaa mbele ya mlango na si chini ya taa ya dukani, ambayo ni hafifu na iko juu. Aulize bei ikiwa na bitana, na aombe aoneshwe uzi kabla haujaingia kwenye sindano. Zaituni na udongo nimezijaribu kwa mkono na zinasitiri kuliko samawati na majivu. Zambarau iliyokolea ni salama karibu kama nyeusi. Hilo la kamba ningelinunua kama lisingekuwapo moja kashani.

Wiki iliyopita nimeagiza abaya nyingine hapo hapo, ya maji ya kunde. Bitana nimeinunua mwenyewe Mlandege, nikaipeleka pamoja na uzi, na fundi alipoufungua mfuko akanitazama, akacheka, akaniambia ninyanyue mkono.